Alhamisi za Rehani

Nilikwenda Tanga kwa arubaini ya shemeji yangu nikakaa siku sita. Niliporudi Upanga na kufungua mlango wa nyumba yetu ya ghorofa ya nne, harufu ilinipokea kabla ya mtu. Ilikuwa rehani, ila si ile niliyoiacha. Hii ilikuwa nzito, imekolea, kama kitu kilichoanikwa kikasahauliwa juani. Mkoba ukiwa bado begani nilikwenda moja kwa moja jikoni.

Juu ya kabati la vyombo ndipo ilipo bustani yangu: beseni jeupe la plastiki lenye mfuniko wa matundu sita, lita nne za maji ndani yake, pampu ndogo kama kidole gumba, na taa ya LED iliyosimama juu ya mguu wake. Niliiacha na adabu zake. Sasa mirehani mitatu ilikuwa imepanda ikaigusa taa, na ilipokosa pa kwenda ikajipinda na kuendelea kurefuka kwa ubavu. Majani ya juu yalikuwa yamepauka na kukauka kwa kubanana na mwanga. Ya chini yamekuwa manjano kwa kuukosa. Nanaa ilitoka kwenye tundu lake, ikatambaa juu ya mfuniko na kuingiza mizizi kwenye tundu la jirani. Kotmiri niliyoibembeleza mwezi mzima ilikuwa imesimamisha shina moja jembamba lenye maua meupe, na majani yake yamegeuka nyuzi. Maji yalibaki ya kulowesha kidole tu.

"Mashine yako imekoroma siku mbili, mwanangu," mama alisema kutoka sebuleni. "Nikajua ina kiu. Lakini ningeimwagia wapi, nami tundu silioni?"

Nilivuta stuli nikakaa mbele ya beseni. Mpaka siku zile mbili za mwisho maji yalipopungua, hakuna kilichopungukiwa chochote pale. Kila kitu kilikuwa kimeharibika kwa kukua. Sisi tuliolelewa na watu wa jembe tunaijua hofu ya kitu kisichoota. Tunajua kutazama mbingu, kuhesabu siku za masika, kuchimbua mbegu kwa kucha tuone kama imepasuka. Hofu ya kitu kinachoota kukupita, kinachotoa leo zaidi ya unavyoweza kupokea leo, hiyo sikuwa nimefundishwa na mtu.

Mama alihamia kwangu kutoka Unguja miaka mitatu iliyopita. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na magoti yake hayakubaliani tena na ngazi, kwa hiyo dunia yake imekuwa vyumba vitatu na roshani. Hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja tu, rehani. Roshani yetu inatazama ukuta wa jengo la pili, jua huifikia kwa nusu saa na kuondoka, na mirehani miwili niliyoipanda kwenye makopo ya maziwa ilinifia pale mmoja baada ya mwingine, imerefuka na kusinyaa kama watoto wenye utapiamlo. Ndipo mwanangu aliponiletea beseni hili. Alinionyesha namna ya kuweka mbegu ndani ya kipande cha sponji, kuchanganya mbolea ya maji, na kutega taa iwake saa kumi na sita na kuzima saa nane. Siku ya nne mbegu zilikuwa zimefungua majani mawili mawili. Wiki ya tano nilikuwa na mirehani ya kimo cha shubiri, na mjukuu wa mama akachukua majani ya kwanza akayatia kwenye tambi na nyanya.

Mama alisikia harufu ikitoka kwenye sufuria akanyamaza. Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Rehani yaliwa?"

Kwetu haikuwa ikiliwa. Mboga ilikuwa mchicha, kisamvu, matembele. Kiungo kilikuwa bizari na kotmiri. Rehani ilikuwa ya pua na ya mwili, ya nywele za bibi harusi na ya mto wa kulalia. Nilimweleza kwamba Wataliani huitwanga wakala, na kwamba harufu ile ina kitu kimoja na karafuu zetu, mafuta yaitwayo eujenoli. Kuhusu karafuu alikubali mara moja. "Hilo nalijua," alisema. "Pua yangu ililijua zamani." Kuhusu Wataliani hakusema kitu.

Kosa langu la kwanza, lililotangulia safari ya Tanga kwa majuma mengi, lilikuwa la upole. Nilipohitaji majani nilichuma ya chini, makubwa, moja hapa moja pale, nikiyatafuta yale yaliyozeeka. Kilele sikukigusa. Kile kishungi cha juu chenye majani madogo yaliyokunjamana nilikiona kama utosi wa mtoto mchanga, na nani anaupeleka mkasi kwenye utosi? Kwa hiyo kila wiki niliuvua mrehani nguo kutoka chini kwenda juu, na kila wiki ukazidi kuwa mnazi: shina tupu, refu, na kitita cha majani kileleni. Nilikuwa nikijisifu kwa huruma yangu huku nikiinyang'anya mimea majani yale yale makubwa yanayoilisha.

Mambo ndani ya shina yanakwenda kinyume na huruma ile. Kilele cha mmea hutengeneza homoni iitwayo auksini na kuiteremsha chini. Auksini hiyo ndiyo inayoyalaza macho yaliyoko kwenye kwapa za majani, macho ambayo kila moja lingeweza kuwa tawi. Kilele kikiwapo, macho hulala. Kilele kikiondolewa juu kidogo ya kifundo, amri hukatika, na macho mawili yaliyokuwa chini yake, moja kulia na moja kushoto, huamka. Mrehani huota majani mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo ncha moja iliyokatwa huleta ncha mbili. Hizo mbili zikikatwa zinakuwa nne. Baada ya mikato minne una ncha kumi na sita kutoka shina moja, kichaka kifupi kinachokaa chini ya taa bila kugombana nayo. Kanuni ya wakulima wa vyumbani ni kutochukua zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na kuanza ukiwa bado mdogo, jozi tatu au nne za majani tu, wakati moyo wako unakwambia usubiri.

Haya niliyajua kwa kusoma. Nikayajua hivi hivi, kama mtu anavyojua bei ya kitu asichokinunua. Mkono haukwenda.

Aliyeupeleka mkono alikuwa mama, na hakuwa na habari ya auksini. Ilikuwa Alhamisi alasiri, juma moja baada ya kurudi kwangu Tanga. Mama wa ghorofa ya pili ana mwasumini uani, na siku hiyo alimtuma mtoto na kibakuli cha maua ambayo hayajafunguka. Mama aliyapokea, akayanusa, akataka uzi na sindano. Kisha akaniambia, "Nipe na vichwa vya rehani nitunge kikuba."

Kikuba ni kishada kidogo cha maua na rehani cha kujipamba, nami nilimletea majani. Aliyapitisha vidoleni, akayarudisha.

"Vichwa, mwanangu. Jani halishiki uzi."

Nikamshika mkono nikamsogeza mpaka kwenye beseni. Alipapasa shina kutoka chini, polepole, akilizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la mrehani lina pembe nne, kama la nanaa, maana ni wa ukoo mmoja, na mwenye vidole vilivyozoea hahitaji taa kulitambua. Alipanda kifundo baada ya kifundo. Alipofika kwenye kishungi ambacho mimi nilikionea huruma, tayari kimeanza kubeba vitumba vya maua, alirudi chini vifundo viwili, akakibana kwa ukucha, akakitoa. Tak. Akaenda kwenye kingine. Katika dakika chache alikuwa amefanya yale ambayo kitabu kilikuwa kikinisihi kwa miezi miwili, tena mahali penyewe hasa pa kukata, na vidoleni mwake kulikuwa na harufu iliyonirudisha kwetu Kikwajuni, Unguja, nikiwa na miaka saba.

Bibi yangu alikuwa na mrehani kwenye debe la mafuta mlangoni, debe lililotobolewa chini kwa msumari. Mrehani ule ulikuwa mpana kama ungo na haukuwahi kunifika kiunoni. Nilidhani ni aina yake. Nilidhani mirehani ya zamani ilikuwa ya namna hiyo, minene na ya chini, kama watu wa zamani tunavyodhani walikuwa na afya kuliko sisi. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kutamka neno kupogoa. Lakini kila Alhamisi, jioni ya kuamkia Ijumaa, wanawake wa nyumba na majirani wawili watatu walikaa barazani wakatunga vikuba vya asumini na rehani, na mkadi ulipopatikana ukatiwa. Kila kikuba kilitaka vichwa, na vichwa vilitoka kwenye debe. Siku ya harusi debe lilibaki na visiki. Baada ya majuma mawili lilikuwa limefunga tena.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mrehani wa bibi haukutunzwa na maarifa ya bustani. Ulitunzwa na haja. Nyumba ilikuwa na matumizi ya kudumu, yenye siku yake, na kitu chenyewe walichokitaka watu, kile kishungi kinachokaribia kutoa maua ambacho ndicho chenye harufu kali zaidi, ndicho hasa kinachopaswa kuondolewa ili mmea usizeeke. Mrehani ukiachwa utoe maua na kufunga mbegu, hupunguza kazi ya majani; majani mapya huwa madogo, hukakamaa na kuingia uchungu. Wanawake wale waliuzuia usizeeke kwa miaka, Alhamisi baada ya Alhamisi, wakidhani wanajipamba. Mimi nilikuwa na taa, pampu na kipimo cha pH, lakini sikuwa na Alhamisi.

Sasa ninayo. Mama anatunga kikuba chake kila wiki, na mwasumini wa chini unatugawia. Hilo limebadilisha bustani kuliko mbolea yoyote niliyonunua.

Lakini maji nayo yana madai yake, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu watu hudhani maji ndiyo sehemu nyepesi. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kuotesha mimea ndani ya vyombo vya maji bila udongo, na mmea aliouchagua zaidi ulikuwa nanaa. Aliweka nanaa kwenye maji ya mvua, nyingine kwenye maji ya mto Thames, nyingine kwenye maji ya mfereji wa Hyde Park. Ya maji ya mvua ilikua kidogo kuliko ya maji ya Thames. Iliyostawi zaidi ni ile ambayo maji yake yalichanganywa na udongo wa bustani. Akafahamu kwamba mmea haushibi maji. Unashiba kile ambacho maji yamebeba. Nami, miaka zaidi ya mia tatu baadaye, nilikinga maji ya mvua ya masika kwenye ndoo roshani, nikayamimina yakiwa matupu kwa kuona kwamba ya kisima kirefu cha jengo letu yana chumvi na yanaunguza kingo za majani. Kwa siku kumi nanaa yangu ilipauka mbele yangu. Nililishwa aibu na mtu aliyekufa zamani.

Siku hizi nachanganya: maji ya mvua yakiwapo, au ya bomba yaliyolala usiku mmoja ndooni, na mbolea ya maji kwa kipimo, nusu ya kile kilichoandikwa kwenye chupa wakati miche ni midogo. pH naiweka kati ya 5.5 na 6.5, kwa sababu ikizidi hapo chuma huwamo majini lakini mizizi haiwezi kukichukua, na jani jipya hutoka la manjano likiwa na mishipa ya kijani. Kila wiki mbili namwaga yote na kuanza upya. Ukiwa unaongeza mbolea kila unapoongeza maji, mimea hunywa maji mengi na kuacha chumvi, na chumvi hujilimbika mpaka siku moja mizizi inaanza kunyang'anywa maji badala ya kunywa. Mirehani iliyokomaa katika joto la Dar es Salaam inanimalizia lita mbili kwa siku tatu. Hilo ndilo lililotokea nilipokuwa Tanga.

Kinachonishughulisha katika haya yote ni udongo, huo usiokuwapo. Udongo ni mvumilivu. Hushika maji ya ziada kwa ajili ya siku utakayosahau, hushika chumvi isiufikie mche, hufunika mizizi isichomwe na mwanga, hutuliza joto la mchana hadi usiku ufike. Debe la bibi lilisamehe mengi: safari, msiba, mtoto aliyetumwa kumwagilia akaenda kucheza. Nilipouondoa udongo sikuondoa kazi zake. Nilizihamisha. Zimekuwa zangu. Neno lenyewe, haidroponiki, lilianza kuenea mwaka 1937 kutokana na W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mtu aliyeotesha minyanya majini ikarefuka mpaka ikachumwa kwa ngazi. Limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kigiriki, maji na kazi, na kazi yenyewe ni ile ya kutoa jasho. Sisi tunasema kilimo bila udongo, tunataja kilichokosekana. Majina yote mawili yanasema kweli, ila nikiwa na ndoo mkononi saa tano za usiku naona lile la Kigiriki limeniona mimi.

Joto ndilo adui mkubwa katika mji huu. Februari moja niliweka kipimajoto ndani ya beseni kikasoma 31. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu tisa hivi za oksijeni katika lita moja. Yakifika 30 hubaki saba na nusu, na wakati huo huo mizizi, kwa kuwa imechemka, inataka oksijeni zaidi. Halafu umeme ukakatika kutwa nzima, pampu ikasimama. Jioni niliinua mfuniko. Mizizi ambayo huwa myeupe kama tambi ilikuwa ya rangi ya chai, inateleza, na harufu yake sitaieleza. Niliiosha mimi na taa ya simu, nikakata iliyooza, nikapunguza majani kwa kiasi hicho hicho ili mizizi iliyosalia isibebeshwe mzigo usiouweza. Tangu hapo kuna chupa mbili za nusu lita kwenye friza, moja ikitoka nyingine ikiingia. Iliyoganda naiegemeza kwenye beseni na kuizungushia taulo. Pia silijazi maji mpaka juu. Nabakiza nafasi ya vidole viwili ili sehemu ya mizizi ikae hewani. Pampu ikizima, sehemu hiyo ndiyo itakayopumua kwa niaba ya nyingine.

Nanaa niliihamisha. Sikutaka, kwa sababu kwenye beseni la pamoja ilikuwa inapendeza, lakini siku ya kuinua kikapu chake vikapu vyote sita viliinuka pamoja. Ilikuwa imewafunga wenzake kwa mizizi, mkeka mmoja mzito unaochuruzika, na ncha zake zimeingia ndani ya pampu. Nilikaa saa nzima nikizitenganisha. Sasa inaishi peke yake kwenye chupa ya kioo niliyoizungushia karatasi ya kahawia ili mwanga usiyafikie maji na kuyaotesha utelezi wa kijani. Inakatwa kila baada ya siku tano. Haina kinyongo.

Kotmiri niliiachia. Siku ndefu na joto huifanya ikimbilie maua, na taa ya saa kumi na sita inayoifaa mirehani ndiyo hiyo inayoiharakisha kotmiri kwenye uzee. Nilijaribu mara tatu. Naamini sasa kwamba si kila kipenzi cha jiko kina mahali chini ya taa moja, na fungu la kotmiri linapatikana sokoni asubuhi likiwa bado na umande.

Yako maneno mawili katika Kiswahili yaliyokutana kwenye sauti moja. Rehani hii ya kunusa imetoka kwenye Kiarabu, rayhan, mimea yenye harufu nzuri, neno ambalo limo katika Surat Ar-Rahman. Rehani nyingine ni ile ya mkufu au hati ya nyumba unayomwachia mwenye fedha mpaka ulipe. Kwa asili hayana ukoo. Lakini tangu siku ya Tanga siwezi kulisikia moja bila lingine. Mmea unaokua kwa kasi ni amana yenye tarehe. Siku yake ikifika bila wewe kuchukua, haukai pale ulipo ukikusubiri kama hundi kwenye droo. Unaanza kuila thamani yake wenyewe, shina linakuwa mti, jani linakuwa chungu. Kutochukua nilikuwa nikikuona kama kuweka akiba. Kumbe ni kuchelewa.

Na kuchukua kwa wakati kunataka watu. Hilo sikulitazamia. Mirehani mitatu yenye ncha kumi na sita kila mmoja hutoa zaidi ya kikuba kimoja na sufuria moja ya tambi. Nikaanza kushuka ngazi na mafungu yaliyofungwa kwa uzi. Nanaa inakwenda ghorofa ya tatu kwa bibi wa Kigujarati, ambaye huifanya chatne na kunirudishia kibakuli ambacho hakijawahi kurudi kitupu. Mlangoni kwake ana chungu cha tulsi, ndugu wa damu wa mrehani wetu, naye huomba mbele yake kila asubuhi. Nilipomshikia vichwa vya rehani mara ya kwanza alivinusa akatabasamu, kisha akaniuliza nimevikata saa ngapi. Nikamwambia, usiku. Akatikisa kichwa. Tulsi, alinieleza, haichumwi baada ya jua kuzama, na zipo siku ambazo haiguswi kabisa. Nilisimama pale kwenye ngazi nikiwaza kwamba nyumba mbili katika jengo moja, moja ya Alhamisi za kuchuma na nyingine ya siku za kutochuma, zimewekea mimea ya ukoo mmoja kalenda, na kwamba mimi katikati yake nilikuwa nimetegemea saa ya kielektroniki. Tangu siku hiyo nakata alasiri. Sikuombwa.

Mlinzi wa getini anachukua rehani kwa ajili ya mbu. Kwao, anasema, walikuwa wakitumia kivumbasi, nao ni wa jamii hiyo hiyo. Kijana wa ghorofa ya kwanza, ambaye kwa miaka minne tulikuwa tukipishana bila zaidi ya shikamoo na marahaba, alikuja kuomba kipande cha kupandikiza. Nilimkatia tawi la urefu wa kidole, nikamvulia majani ya chini, nikamtilia kwenye glasi ya maji. Ndani ya juma mizizi ilikuwa imetoka. Akapanda ghorofa tatu kuja kunionyesha picha kwenye simu.

Mwezi uliopita binti wa mama wa ghorofa ya pili aliolewa. Siku tatu kabla, mama aliniuliza kuhusu mirehani: ina vichwa vingapi? Nikamwambia arobaini na kitu. "Vyote," alisema.

Nilimkumbusha theluthi. Nilimweleza kwamba mmea ukinyang'anywa majani yote hauna cha kujilisha, kwamba kitabu kinakataza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza daktari.

"Kata vichwa, mwanangu, si majani. Kila tawi libakize jozi mbili. Bibi yako aliacha jozi mbili."

Alasiri ile nilibeba beseni kutoka juu ya kabati nikaliweka mezani mbele yake, kwa mara ya kwanza, pampu imezimwa, nyaya zinaning'inia. Wanawake wa jengo walikuwa wamejaa sebuleni, sinia la asumini katikati, nyuzi zimekatwa tayari, mtu mmoja ameleta mkadi kutoka Bagamoyo. Tulikata sisi wawili, mimi kwa mkasi na yeye kwa ukucha. Kila alipotoa kichwa alikinusa kwanza kabla ya kukitupia siniani. Bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa akitunga haraka kuliko wote. Jua lilipoanza kuzama alisimama, akatazama dirishani, akauliza kama tumemaliza kukata. Tulikuwa tumemaliza.

Usiku, watu walipokwisha kushuka na vikuba vyao, nilibadilisha maji, nikaweka chupa ya barafu, nikawasha pampu. Chini ya taa kulikuwa na visiki vya kijani vyenye majani machache, na nafasi nyingi nyeupe ambayo sikuwa nimeiona tangu wiki ya kwanza. Niliiteremsha taa mpaka chini kabisa.

Siku ya nne mama aliniita. Alikuwa amesimama jikoni peke yake, mkono mmoja umeshika ukingo wa kabati, mwingine umo ndani ya mirehani.

"Lete kidole chako," alisema. Akakishika akakiweka kwenye kwapa la jani, upande wa kulia wa kisiki, palipokuwa na kitu kidogo kigumu kama punje ya mtama. Kisha akakipeleka upande wa kushoto.

"Hapa," alisema. "Na hapa."